Shajara ya Mradi: Historia ya Tuzo za Michezo ya Video, Kutoka Spike Hadi The Game Awards

Januari, wiki ya pili

Kazi imeanza rasmi. Tunakusudia kuandika kwa Kiswahili historia ya sherehe ya tuzo za michezo ya video iliyozaliwa katika televisheni ya Marekani mwaka 2003 kwa jina la Spike Video Game Awards, ikabadilishwa jina kuwa VGX mwaka 2013, kisha ikazaliwa upya mwaka 2014 ikiwa The Game Awards, chini ya mmiliki mwingine na kwa njia nyingine kabisa ya kuwafikia watazamaji. Wapenzi wa gemu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaifahamu hii ya pili. Kuna wanaokesha kila Desemba kuitazama, kwa sababu inapoanza saa kumi na moja jioni Los Angeles, kwetu ni saa kumi alfajiri. Ile ya kwanza wengi wameisikia kwa mbali tu.

Wako wanaoshikilia kwamba hizi ni sherehe mbili tofauti, na kwa upande wa umiliki wana haki kusema hivyo. Sisi tunazisimulia pamoja kwa sababu mtu aliyeongoza miaka ya mwisho ya ile ya kwanza, Geoff Keighley, ndiye aliyeanzisha ya pili, na kwa sababu maswali yaliyoisumbua ile ya kwanza hayakuisha ilipokufa. Tuzo za Golden Joystick za Uingereza, ambazo ni kongwe zaidi kwa kuwa zilianza 1983, tuzo za BAFTA, pamoja na zile za DICE na Game Developers Choice ambazo watengenezaji hutunukiana wao kwa wao, zitatajwa pale tu zinapohitajika kwa kulinganisha.

Mimi na mwenzangu aliye Mombasa tumekubaliana pia juu ya mpangilio. Jedwali la washindi wa kila mwaka lipo tayari kwa yeyote anayelitafuta, na kulihamishia kwenye Kiswahili peke yake ni kazi ya siku moja isiyoeleza kitu. Kwa hiyo jedwali letu litakuwa na safu ya ziada inayoonyesha nani alipewa kipaza sauti usiku ule na kwa ajili ya nini. Naamini, na nitajitahidi kuthibitisha katika sura zote, kwamba historia ya sherehe hii ni historia ya kugombania dakika za jukwaani baina ya pande tatu: waliotengeneza michezo, watu maarufu walioalikwa kuvuta watazamaji, na wauzaji wanaotangaza michezo ambayo bado haijatoka.

Januari, mwishoni

Sura ya utangulizi imekamilika, nayo inaanzia 1994. Mwaka huo kituo cha TBS kilirusha kipindi kilichoitwa Cybermania '94, kilichoongozwa na mchekeshaji Leslie Nielsen pamoja na Jonathan Taylor Thomas, kijana aliyevuma wakati ule kwa tamthilia za vichekesho za televisheni. Tuzo ya mchezo bora kuliko yote ilikwenda kwa Mortal Kombat. Ushindi huo una uzito unaostahili kuelezwa, kwa sababu mwishoni mwa 1993 Baraza la Seneti la Marekani lilikuwa limefanya vikao vya hadhara juu ya ukatili katika michezo ya video, huku maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl wakiutaja mchezo huohuo miongoni mwa mifano ya kutisha, na shinikizo lile ndilo lililozaa mfumo wa ESRB wa kupanga michezo kwa umri wa mchezaji mwaka 1994. Mchezo uliokuwa umeshtakiwa mbele ya taifa ukasimamishwa jukwaani na kupewa taji kabla watu hawajasahau mashtaka.

Jambo lililotufanya tuanzie hapo, hata hivyo, ni kijana mmoja wa Kanada aliyekuwa nyuma ya pazia. Geoff Keighley alizaliwa 1978, kwa hiyo alikuwa bado wa umri wa kwenda shule alipopata kibarua cha kusaidia kuandika maneno ya kusemwa na watu maarufu waliopanda jukwaa la Cybermania. Wazazi wake walikuwa watu wa kampuni ya filamu ya IMAX, na mazingira ya maonyesho makubwa hayakuwa mageni kwake. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu mzima alikuja kutoa fedha zake mwenyewe kuokoa sherehe ya tuzo, mwanzo ni huo.

Februari, wiki ya kwanza

Tumeingia 2003. Kituo kilichoitwa TNN, mali ya Viacom, kiliamua mwaka huo kujitangaza upya kuwa televisheni ya kwanza ya wanaume na kuchukua jina la Spike TV. Mwongozaji wa filamu Spike Lee alikwenda mahakamani kupinga, mahakama ikasimamisha matumizi ya jina hilo kwa muda, pande mbili zikapatana, na Agosti jina likaanza kutumika. Miezi michache baadaye kituo kikawa na sherehe yake ya tuzo. Nimeandika hayo kwa kirefu kwa makusudi. Msomaji asipojua kwamba tuzo hizi zilianzishwa ili kituo kijipatie vijana wa kiume wa kuwauzia matangazo, hataelewa kwa nini zilikuwa vile zilivyokuwa kwa miaka 10.

Sherehe ya kwanza ilirekodiwa Las Vegas katika ukumbi wa MGM Grand tarehe 2 Desemba 2003 na kuonyeshwa siku mbili baadaye, mshereheshaji akiwa mchekeshaji David Spade. Mchezo Bora wa Mwaka ulikuwa Madden NFL 2004 wa Electronic Arts. Hapa tumelazimika kusimama na kumfafanulia msomaji wetu, kwa kuwa mpira wa Kimarekani si mpira wetu. Madden ni mfululizo wa michezo uliopewa jina la John Madden, kocha aliyegeuka kuwa mtangazaji, nao hutolewa toleo jipya kila mwaka tangu miongo kadhaa iliyopita. Kwa Wamarekani una nafasi ileile ambayo FIFA ilikuwa nayo katika vibanda vya gemu vya mitaani kwetu, ambako watoto hulipia mechi moja moja huku waliosubiri zamu wakipiga kelele nyuma ya kiti. Kuuchagua kuwa mchezo bora wa mwaka kulikuwa ni kuchagua kile ambacho mtazamaji wa Spike alikuwa nacho nyumbani tayari.

Katika miaka ile ya mwanzo kulikuwa na kipengele cha mwanamke wa kidijitali mwenye mvuto zaidi, na baadaye kikawepo cha mchezo unaonasa kuliko yote kilichobeba jina la soda ya kampuni iliyodhamini. Mwenzangu alipendekeza tuviache kwa sababu havina faida kwa msomaji wa leo. Nimevibakiza. Sherehe inayompa mdhamini wa soda jina la tuzo, na kumfanya mwanamke kuwa kipengele, imeshamweleza mtengenezaji wa mchezo nafasi yake ilipo katika ukumbi ule, na mtu akiyaficha hayo atakuwa ameiremba historia.

Februari, wiki ya tatu

Sura ya miaka ya kati inakwenda haraka, na nimeridhika iende hivyo. Mwaka 2004 mshereheshaji alikuwa Snoop Dogg na mshindi Grand Theft Auto: San Andreas. Mwaka 2005 alikuja Samuel L. Jackson, akarudi 2006 na 2007, washindi wa miaka hiyo mitatu wakiwa Resident Evil 4, The Elder Scrolls IV: Oblivion na BioShock. Mwaka 2008 aliongoza Jack Black, Grand Theft Auto IV ikashinda. Mwaka 2009 mshindi alikuwa Uncharted 2. Majina ya washereheshaji yanaonyesha kituo kilimtegemea nani kuvuta watu. Majina ya michezo yanaonyesha kwamba waamuzi, pamoja na makelele yote, walikuwa wanachagua kazi zenye uzito. BioShock, kwa mfano, inamtembeza mchezaji katika mji ulio chini ya bahari ulioangamizwa na falsafa ya ubinafsi, na mwaka wowote ungestahili taji.

Kilichotusimamisha ni 2010. Neil Patrick Harris ndiye aliyeongoza, na Red Dead Redemption ndiyo iliyoshinda, lakini usiku ule unakumbukwa zaidi kwa jambo ambalo halikuwa tuzo. Todd Howard wa kampuni ya michezo ya Bethesda alipanda jukwaani kutangaza mchezo mpya, taa zikazimwa, na trela fupi ikaonyesha ukuta wa mawe uliochongwa picha za joka huku sauti nzito ikisimulia unabii. Mwisho wake zikatokea tarakimu 11.11.11, tarehe ya kutoka kwa The Elder Scrolls V: Skyrim. Mwaka mmoja baadaye, katika sherehe hiyohiyo, Skyrim ikatangazwa Mchezo Bora wa Mwaka wa 2011.

Katika safu yetu ya kipaza sauti, 2010 ndipo jukwaa linapoonekana kugeuka mlango wa soko waziwazi. Trela za kwanza zilikuwa zimeonyeshwa miaka ya nyuma pia, lakini kuanzia hapa watazamaji wengi wanakuja kwa ajili ya trela, na tuzo zinasindikiza. Mwaka 2011 uliitambulisha The Last of Us, na 2012 ukaitambulisha Dark Souls II. Vipengele vingi vya tuzo vilikuwa havifiki jukwaani kabisa. Mshindi alisomwa kwa sekunde chache au jina lake likapita chini ya skrini.

Machi, wiki ya kwanza

Usiku wa 10 Desemba 2011 umepata sura yake peke yake, kwa sababu pande mbili za mambo haya zilikutana jukwaani ndani ya saa chache. Mahali palikuwa studio za Sony Pictures, Culver City, na mshereheshaji alikuwa mwigizaji Zachary Levi.

Upande mmoja alikuwa Shigeru Miyamoto wa Nintendo. The Legend of Zelda ilikuwa imetimiza miaka 25, na waandaaji waliamua kuufanya mfululizo huo wa kwanza kuingia katika orodha yao ya heshima. Mtu aliyemtengeneza Mario na Zelda alisimama mbele ya ukumbi mzima na ukumbi ukamheshimu. Kama mtu angepewa dakika hizo peke yake, angesema sherehe imekua na kujua inachokisherehekea.

Upande wa pili kulikuwa na kichekesho kilichobuniwa kwa ajili ya washindi wenye hotuba ndefu. Mtu aliyevaa gwanda za kijeshi, kama askari wa mchezo wa kufyatua risasi, aliwekwa tayari kumwangusha anayezidisha muda na kumfanyia ishara ile ya matusi ambayo wachezaji wa mtandaoni huwafanyia maadui waliokufa, kwa kuchuchumaa juu ya uso wa aliyelala. Jambo hilo lilionyeshwa mbele ya watu waliokuwa wametumia miaka ya maisha yao kutengeneza kazi zilizokuwa zinatuzwa.

Nimeutazama mkanda huo mara kadhaa nikitafuta namna ya kuuandika kwa haki. Maoni yangu ni kwamba ule haukuwa utovu wa adabu wa mtu mmoja aliyeteleza. Ulikuwa uamuzi wa uzalishaji, ulioandikwa, ukafanyiwa mazoezi na kupitishwa, nao uliwaambia watengenezaji waziwazi kwamba muda wao wa kushukuru ndio unaochosha watazamaji. Mwaka uliofuata Samuel L. Jackson alirudi kuongoza kwa mara ya nne, na tuzo kuu ikaenda kwa The Walking Dead wa Telltale Games, mchezo wa kupakuliwa uliotolewa kwa vipande na unaotegemea maamuzi mazito ya maadili badala ya risasi. Waamuzi walikuwa wanakwenda njia moja na jukwaa njia nyingine.

Machi, wiki ya pili

Rasimu ya VGX ni fupi. Desemba 2013 Spike iliachana na ukumbi mkubwa na kutengeneza kipindi cha saa tatu ndani ya studio, kilichorushwa zaidi kwa intaneti, kikiongozwa na mwigizaji Joel McHale pamoja na Keighley. Nia ilikuwa njema: nafasi ndefu zaidi ya kuzungumza na watengenezaji. Matokeo yalikuwa McHale kuwadhihaki wageni na shughuli yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na Keighley kujitahidi kurudisha mazungumzo kwenye michezo huku aibu ikimwonekana usoni. Grand Theft Auto V ilitwaa taji.

Katikati ya usiku ule kulikuwa na dakika moja njema ambayo tumeiandika kwa ukamilifu. Hello Games, studio ndogo ya Guildford, Uingereza, iliyokuwa na watu wachache tu, ilionyesha No Man's Sky kwa mara ya kwanza. Mchezaji alianzia chini ya bahari, akapanda nchi kavu, akaingia chomboni, akaruka moja kwa moja hadi angani bila kukatizwa. Studio isiyo na fedha za matangazo ilipata katika jukwaa lile kile ambacho kampuni kubwa hununua, na mwaka wa kutoka kwa mchezo wenyewe, 2016, ulikuja kuonyesha kwamba matarajio yaliyopandwa kwa dakika chache yanaweza kuwa mzigo mzito kwa aliyeyapanda. Spike haikuandaa sherehe nyingine.

Machi, mwishoni

Sura ya 2014 na 2015 ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda.

Keighley aliondoka akiwa na chaguo la kuuza wazo kwa kituo kingine cha televisheni. Badala yake aliamua kuiacha televisheni kabisa, akatoa fedha zake, na akawashawishi Sony, Microsoft na Nintendo, mahasimu wa biashara wa muda mrefu, kuunga mkono shughuli moja. The Game Awards ya kwanza ilifanyika tarehe 5 Desemba 2014 katika ukumbi wa The AXIS, hoteli ya Planet Hollywood, Las Vegas, na ikarushwa mbashara bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki huu ni uamuzi mkubwa kuliko inavyoonekana. Spike ilikuwa ya Mmarekani mwenye kebo. Hii mpya ilimfikia mtu wa Mwanza mwenye simu na bando saa ileile ilipomfikia mtu wa Los Angeles.

Tuzo kuu ilikwenda kwa Dragon Age: Inquisition. Wanandoa Ken na Roberta Williams, waliojenga kampuni ya michezo ya Sierra tangu siku za kompyuta za kwanza za nyumbani, walipewa heshima ya tasnia. Koji Kondo, mtunzi wa muziki wa Mario na Zelda, alikaa mbele ya kinanda jukwaani na kupiga akiwa na bendi ya Imagine Dragons. Safu yetu ya kipaza sauti kwa mwaka huu ina majina mengi ya watengenezaji kuliko mwaka wowote wa Spike tulioupitia.

Kisha 2015, ukumbi wa Microsoft Theater, Los Angeles. Reggie Fils-Aimé wa Nintendo ya Marekani alizungumza juu ya Satoru Iwata, rais wa kampuni aliyefariki Julai mwaka huo, na hakuna kilichouzwa katika dakika zile. Baadaye Metal Gear Solid V ilitajwa mshindi wa mchezo bora wa mapambano na matukio, akapanda mwigizaji Kiefer Sutherland, aliyemwigizia sauti mhusika mkuu, kuipokea tuzo. Mtengenezaji wake, Hideo Kojima, hakuwepo. Keighley akasimama na kueleza mbele ya kila mtu kwamba Kojima alitaka kuja, lakini mwanasheria wa Konami, kampuni aliyokuwa bado ana mkataba nayo, alimjulisha kwamba hataruhusiwa kusafiri kuhudhuria wala kupokea tuzo yoyote. Ukumbi ulizomea.

Katika miaka yote tuliyoipitia, hakuna mahali pengine ambapo swali letu la dakika za jukwaani linaonekana wazi kiasi hiki, kwa sababu mara hii kiti kilikuwa tupu kwa amri. Mwenye sherehe angeweza kunyamaza. Konami ni mchapishaji mkubwa, na sherehe kama hii huishi kwa hisani ya wachapishaji. Alichagua kulisema jambo lenyewe kwa jina la kampuni yenyewe. Wiki mbili hivi baadaye Kojima alitangaza studio yake huru, na Desemba 2016 alipanda jukwaa hilohilo kupokea heshima ya tasnia akishangiliwa kwa muda mrefu. Usiku huo Overwatch ndiyo iliyoshinda tuzo kuu.

Aprili, wiki ya pili

Tumeshughulikia takwimu za watazamaji. Kwa mujibu wa waandaaji wenyewe, sherehe ilirushwa mara milioni 1.9 mwaka 2014, milioni 11.5 mwaka 2017, milioni 26.2 mwaka 2018, milioni 45.2 mwaka 2019, na milioni 83 mwaka 2020, mwaka wa janga la korona ambapo ilifanyika bila hadhira, ikiunganisha Los Angeles, London na Tokyo. Ilipita milioni 100 mwaka 2022 na kufikia milioni 154 mwaka 2024.

Tumeandika onyo mbele ya jedwali. Hizo ni idadi za marusho, na mtu mmoja akifungua kwenye simu kisha kwenye kompyuta anaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Vilevile waandaaji huruhusu watangazaji wa mtandaoni kuirusha sherehe kwenye chaneli zao wenyewe, na hesabu zote huingia kapu moja. Kulinganisha idadi hii na ya tuzo za Oscar, kama inavyofanywa kila Desemba, ni kulinganisha vitu vilivyopimwa kwa mizani tofauti. Ukuaji wenyewe hauna shaka, na hauhitaji kutiwa chumvi.

Mfumo wa kura umeelezwa kwa aya moja: vyombo vya habari zaidi ya 100 duniani hupiga kura zenye uzito wa asilimia 90, na umma asilimia 10, isipokuwa tuzo ya Sauti ya Wachezaji ambayo ni ya umma peke yake.

Aprili, mwishoni

Sura ya 2022 na 2023. Elden Ring ilishinda 2022, usiku ambao Christopher Judge, aliyepewa tuzo ya mwigizaji bora kwa God of War Ragnarök, alizungumza kwa karibu dakika nane. Ulikuwa ushuhuda wa mtu aliyeguswa, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa hotuba bora za sherehe hii. Mwaka uliofuata mambo yakakazwa. Washindi walipewa takribani sekunde 30, kisha muziki ukaanza kuwafukuza na skrini mbele yao ikawaandikia wamalize. Swen Vincke wa studio ya Larian, akiwa amevaa deraya ya chuma, alikuwa akipokea tuzo kuu ya Baldur's Gate 3 na kumkumbuka mfanyakazi mwenzao aliyefariki mwezi uliotangulia, na ilani ile ikawaka naye akiwa bado anazungumza. Usiku huohuo kulikuwa na nafasi tele ya trela na ya watu maarufu kupiga soga. Ulikuwa pia mwaka ambao maelfu ya wafanyakazi wa tasnia walipoteza ajira, na jukwaa halikulitaja jambo hilo. Keighley alikiri hadharani kwamba muziki ulianza mapema mno kwa washindi.

Ndipo tulipofika kwa Abubakar Salim, na hapa hoja yangu imelazimika kupanuka. Salim ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyempa sauti Bayek katika Assassin's Creed Origins. Mwaka huohuo wa 2023 alipanda jukwaa hilo kuitambulisha Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa kwanza wa studio yake, Surgent Studios. Alizungumza juu ya baba yake aliyefariki, na juu ya jinsi huzuni ile ilivyozaa hadithi ya Zau, mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie Baba. Sauti yake ilitetemeka, na ukumbi ulinyamaza kumsikiliza. Mchezo ulitoka Aprili 2024, na mchezaji anaweza kuucheza wote kwa sauti za Kiswahili.

Mshindi wa usiku ule alipewa nusu dakika. Salim, ambaye hakuwa ameshinda chochote, alipewa muda wa kusema jambo la moyoni kwa sababu alikuwa na mchezo wa kutangaza. Mwenzangu anasema hilo linavunja hoja ya kitabu chetu, kwa kuwa muuzaji na mtengenezaji hapa ni mtu mmoja. Mimi naona linaikamilisha: dakika za tangazo zinaweza kumbeba mtengenezaji vizuri sana, ila humbeba yule tu ambaye mchapishaji amekubali kumlipia njia, na Zau ilikuwa na Electronic Arts nyuma yake. Tumekubaliana kuyaweka maoni yote mawili katika sura, kila moja na nafasi yake. Tumeongeza pia kwamba Zau iliteuliwa mwaka 2024 kuwania tuzo ya michezo yenye mchango kwa jamii, ambayo ilikwenda kwa Neva, na kwamba kabla ya uteuzi huo studio ya Salim ilikuwa imelazimika kupunguza baadhi ya wafanyakazi.

Mei, wiki ya kwanza

Sura ya mwisho imeandikwa hadi 2025. Mwaka 2024 washindi waliachwa wazungumze kwa utulivu zaidi, Astro Bot ikatwaa tuzo kuu, na tuzo mpya ya mleta mabadiliko ikaenda kwa Amir Satvat, ambaye alijitolea kuwasaidia waliopunguzwa kazi kupata ajira nyingine. Vincke alirudi kumtangaza mshindi, akatumia nafasi hiyo kuwaeleza wakubwa wa tasnia kwamba michezo mizuri hutengenezwa na watu wanaotaka kuicheza wao wenyewe. Mwaka 2025 Clair Obscur: Expedition 33, kazi ya kwanza ya studio ya Sandfall Interactive ya Montpellier, Ufaransa, ilishinda tuzo 9 kwa usiku mmoja, idadi ambayo haijawahi kufikiwa katika The Game Awards.

Kazi iliyobaki ni ya safu ya kipaza sauti kwa miaka ya 2016 hadi 2021, ambayo mwenzangu anaipitia mkanda kwa mkanda, na ukaguzi wa majina ya Kijapani. Sura za Spike ziko tayari kupelekwa kwa msomaji wa kwanza wa nje, mwalimu anayefundisha usanifu wa michezo, ambaye tumemwomba azisome sura za 2011 na 2015 kabla ya nyingine zote.